Mshono wa Bawa la Kushoto

Tulimsuka kama tenga. Msidhani natania:
mbavu nyembamba za alumini, zimepishana mshazari,
na juu yake kitani. Kitani ndiyo iliyokuwa kazi yetu,
wanawake arobaini wa Flintshire, sindano zimepinda,
mishono minane kwa inchi, na msimamizi, Bi Bellis,
akipita na rula kama anayetafuta chawa.

Mimi nilipewa bawa la kushoto.
Siku ile nilikuwa na homa, sikusema.
Kama shubiri moja hivi, karibu na injini,
nilishona sita kwa inchi badala ya minane.
Wakapaka ile dawa inukayo kama peremende zilizooza,
kitambaa kikakaza, ukikigonga kinalia kama ngoma,
na kosa langu likalala chini ya rangi nyeusi.

Akatoka nje mzima. Wakampa herufi H.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande
kwa barua za binamu yangu Nesta, karani wa kiwanja kule Lincolnshire,
aliyekatazwa kuandika chochote, akaandika kila kitu:
kwamba fundi wa H, Oxtoby, mtu wa kikohozi,
humchorea birika jeupe ubavuni kila anaporudi.
Birika la Emden. Birika la Kiel. Mabirika matatu ya Essen.
Moja halina mdomo:
usiku ule injini ya kulia iligoma katikati ya bahari,
wakayamwaga mabomu majini, wakarudi kimya.
Rubani Hartnoll akataka birika lake hata hivyo.
Sawa, akasema Oxtoby, ila chai haitamiminika.

Nilicheka. Kisha nikahesabu.
Thelathini na moja; ukitoa lile bovu, thelathini.
Na kule chini, chini ya kila birika,
nani alikuwa ameinjika maji jikoni?
Kadi ya ndege ina safu ya tarehe, safu ya saa,
safu ya vipuri. Safu ya hao haipo.

Pybus, msoma ramani, aliacha vidole viwili kwenye baridi ya Bremen.
Bawa la kulia lilitobolewa mara tisa, likatiwa viraka.
La kushoto, aliandika Nesta, hata mkwaruzo.
Nikakaa chooni na barua ile mpaka kengele ya zamu ikalia.

Halafu akachakaa. Walimpeleka shuleni,
kwa vijana wanaojifunza kuruka gizani.
Mabirika yakafutwa kwa brashi moja,
akawa punda wa kila mwenye kutaka kupanda.

Novemba, wingu limekaa juu ya mlima wetu siku ya nne,
kaka yangu Ifor akasikia kishindo, akadhani ni machimbo ya mawe.
Alfajiri akapanda na mbwa wake.
Vijana watano. Wa kwanza alikuwa amevaa glavu moja,
ya pili kaishika mkononi, kama mtu anayebisha hodi.
Mkia umeungua. Tenga liko wazi, halina kitu.
Ifor alikata kitani kwa kisu cha kondoo,
akawafunika nyuso, mmoja mmoja,
na kipande kilichobaki akaniletea mimi,
kwa kuwa mimi ni mshonaji, na hakujua la kusema.

Namba aliyoisoma mkiani ilikuwa ile ya Nesta.
Nikasogeza kitambaa kwenye taa.
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Kitani kilikuwa kimechanika pembeni, nyuzi zimesimama.
Mshono wangu haukufumuka.

Wakuu waliandika: wingu, mlima, ugeni wa rubani.
Uzi hawakuutaja, na haukustahili kutajwa,
najua, nimejiambia hivyo miaka hamsini.

Lakini usiku ule, Ifor amelala na buti zake,
nilichukua mkasi, nikafumua ule mshono wote,
nikatunga uzi mpya, nikashona tena, taratibu,
minane kwa inchi,
kwenye kipande kisichokwenda popote.